Shimo la foraji linasema: nani anatunza maneno yake?

Ku Kisangani leo kila mutu mwenye amepata pesa kidogo anafikiri kutoboa foraji kwenye kiwanja chake. Kanisa inataka foraji, hospitali inataka foraji, muuzaji wa maji anataka foraji. Masini inakuja, inafanya kelele siku mbili ao tatu, maji yanapanda, watu wanapiga mikono. Kiisha mwaka moja ao miaka miwili, maji yanaanza kutoka na muchanga, ao yanakauka wakati mvua inapungua. Na watu wanasema: « Udongo wa hapa ni mubaya. »

Mara nyingi udongo hauna kosa. Masini ilipita katika muchanga, katika udongo wa mufinyanzi, katika mwamba wenye kupasuka, na hakuna mutu aliyeandika ni wapi moja iliisha na ingine ikaanza. Shimo lilisema, hakuna aliyesikiliza.

Ninaandika kama mutu wa sendika ya migodi, si kama injenieri. Masomo yangu yaliishia ku sekondari. Lakini mutu akikaa miaka karibu na masini za kutoboa, anajifunza kitu kimoja: mwenye kujua kilicho chini ya udongo njo mwenye nguvu mezani. Sosiete inajua, Kinshasa pengine inajua, Ulaya wanajua. Mufanyakazi na mama wa kijiji hawajui. Kuna kazi moja yenye inaweza kubadilisha hayo, na jina lake kwa Kifaransa ni diagraphie. Hapa nitaandika diagrafi. Maana yake ni rahisi: kuteremusha chombo ndani ya shimo na kuandika, metre kwa metre, yale yenye mwamba unasema.

Njia tatu za kujua

Ukitoboa shimo, una njia tatu za kujua ulipita wapi.

Ya kwanza ni kuangalia takataka zenye zinapanda na maji ao na hewa ya masini. Ni rahisi, lakini inadanganya. Kipande chenye kinatoka sasa kinaweza kuwa kimevunjika metre nyingi juu ao chini ya pale unafikiri. Vipande vinachanganyika njiani.

Ya pili ni karoti. Si ile ya kutia mu supu. Karoti ya migodi ni fimbo ya jiwe yenye masini inakata na kutoa nzima, inapangwa mu sanduku kwa urefu wake. Karoti ni kitu kizuri kabisa: unaishika, unaivunja, unaituma ku laboratware. Lakini bei yake ni kubwa, na si kila sehemu inatoka nzima. Mahali mwamba umevunjika, masini inaleta makombo tu, ao hailete kitu.

Ya tatu ni diagrafi. Unafunga chombo kirefu, sonda, ku kable yenye nyuzi za umeme ndani. Unakiteremusha mpaka chini ya shimo, kiisha unakipandisha polepole. Kable inapita kwenye gurudumu lenye linahesabu metre. Juu, masini inachora mustari. Kila metre ya shimo inapata alama yake. Wavuvi wa Wagenia wanaelewa vizuri: hauoni chini ya maji, lakini kamba mukononi inakuambia.

Wazo la ndugu wawili

Kazi hii ina tarehe ya kuzaliwa. Tarehe 5 Septemba 1927, ku Pechelbronn, mu Alsace, inchi ya Ufaransa, kikundi kidogo cha Henri Doll kiliteremusha sonda ya umeme katika shimo la mafuta la karibu metre 500. Wakubwa wa wazo hilo walikuwa ndugu wawili, Conrad na Marcel Schlumberger. Hakukuwa na masini ya kuchora. Walisimamisha sonda kila metre, walisoma kipimo, waliandika namba kwa mukono, kiisha wakavuta metre ingine. Wakati walipounganisha namba zote kwa mustari moja ku karatasi, waliona muchanga na udongo wa mufinyanzi vinatengana wazi.

Jina lenye waliipa kazi hiyo linafaa kukumbukwa: carottage électrique, karoti ya umeme. Walitaka kusema: tumepata karoti bila kukata jiwe. Leo masini zimekuwa za kompyuta, lakini akili ni ile ile ya 1927.

Sonda inasikia nini

Sonda si moja. Ni familia, na kila moja ina sikio lake.

Sonda ya gama inasikia miali yenye inatoka yenyewe katika mwamba. Kila jiwe lina potasiamu, toriamu na uraniamu kidogo. Udongo wa mufinyanzi unayo mingi, muchanga safi unayo kidogo. Kwa hiyo mustari wa gama ukipanda, mara nyingi uko ndani ya mufinyanzi. Ukishuka, uko ndani ya muchanga, pale maji yanaweza kutembea.

Sonda ya rezistivite inatuma umeme katika mwamba na kupima namna mwamba unaukataa. Mufinyanzi wenye maji unapitisha umeme vizuri. Muchanga wenye maji safi ya kunywa unaukataa zaidi. Muchanga wenye maji ya chumvi unaupitisha sana. Mafuta hayapitishi umeme, njo maana watu wa petroli walipenda sonda hii mbele ya wote.

Kuna sonda yenye miguu mitatu ao mine yenye inafunguka na kugusa ukuta wa shimo, inapima upana. Mahali udongo umebomoka, shimo linakuwa pana. Kuna ya joto: mahali maji yanaingia, mustari wa joto unavunjika. Kuna ya sauti, inapima haraka yenye sauti inapita ndani ya jiwe. Jiwe gumu linapitisha haraka, jiwe lililovunjika linachelewesha. Na kuna yenye inapiga picha ya ukuta wote kwa sauti, kama vile ekografi ya mama mwenye mimba. Hiyo inaonyesha kila ufa, na upande wenye ufa unainama.

Hapo musomaji ataniuliza: basi juu ya nini tusichukue moja tu, yenye bei ya chini? Jibu liko hapa kwetu, mu mawe ya Tshopo.

Chini ya miguu ya watu wa Kisangani

Wajiolojia walipopanga mawe ya zamani ya eneo letu, waliyapa majina ya kwetu. Kundi la Aruwimi linabeba jina la muto. Ndani yake kuna mawe yanayoitwa ya Alolo, na juu yake mawe mekundu yanayoitwa akozi ya Banalia. Akozi ni jiwe la muchanga lenye lina vipande vingi vya feldispati, na feldispati ya aina hiyo imejaa potasiamu.

Sasa teremusha sonda ya gama ndani ya jiwe la namna hiyo. Mustari unapanda. Mutu mwenye hajui atasema: « Hapa ni mufinyanzi, tusonge mbele. » Lakini si mufinyanzi, ni jiwe la muchanga, na nyufa zake zinaweza kubeba maji. Gama imesema kweli, potasiamu iko. Ni mutu mwenye ameelewa vibaya. Akiteremusha na sonda ya rezistivite, ataona mara moja kwamba jiwe hilo halipitishi umeme kama mufinyanzi. Sonda mbili zinasahihishana, kama vile mashahidi wawili mbele ya muzee wa kijiji.

Juu ya mawe hayo ya zamani kuna kitu kingine chenye kimefanya jina la muji wetu lijulikane mu vitabu vya jiolojia. Muji ulikuwa ungali unaitwa Stanleyville, na tabaka hizo zikaitwa tabaka za Stanleyville. Ni matope ya maziwa ya zamani, ya zaidi ya miaka milioni 150, wakati wa dinozori. Yaligeuka kuwa majani ya mawe, mengine meusi yenye mafuta ndani, yale Wabelgiji waliita schistes bitumineux. Walianza kuyachunguza kando ya Lualaba tangu mwanzo wa karne ya 20. Ku Songa, pembeni ya muto, si mbali na muji, walipata samaki waliogeuka mawe. Padri Pierre de Saint-Seine aliandika kitabu kizima juu ya samaki hao, kikatoka 1955. Samaki wenyewe wako Tervuren, karibu na Bruxelles.

Mawe meusi ya namna hiyo yanajulikana ku diagrafi. Mabaki ya vitu vilivyokuwa na uhai yanapenda kukamata uraniamu, kwa hiyo gama inaweza kupanda sana. Ukiwa na mashimo mawili yenye kupimwa, unatafuta mupando ule ule katika yote mawili, unaunganisha kwa mustari, na unajua tabaka linainama upande gani. Kwa mashimo kumi, unapata karte ya chini ya udongo. Bila kupima, mashimo kumi ni mashimo kumi tu.

Mashimo mane kwa inchi nzima

Muji wetu uko ku ukingo wa bakuli kubwa yenye wanaita Cuvette Centrale. Bakuli hiyo ya mawe inapita kilometre za mraba milioni moja, karibu mara mbili ya Ufaransa. Je, ni mashimo mangapi ya kina yametobolewa ndani yake upande wa Kongo yetu? Mane.

La kwanza ni Samba, mwaka wa 1955, metre 2.038. La pili ni Dekese, mu Kasai, 1956, metre 1.856. Yote mawili yalitolewa karoti karibu kila metre, kazi ya sendika ya Wabelgiji yenye ilikuwa inachunguza Cuvette (neno sendika hapo ni umoja wa sosiete, si sendika yetu sisi wafanyakazi!). Kiisha miaka 25 ikapita. Karibu na 1981, Esso na washiriki wake walitoboa Mbandaka na Gilson, kila moja zaidi ya metre 4.000. Hawakupata mafuta ya kuuza. Hakuna hata moja kati ya hayo mane lenye liko katika Tshopo.

Sasa angalia namna mashimo mawili ya kwanza yanasema maneno tofauti. Ku Samba, wanateremuka katika tabaka za juu, wanakuta tabaka za Stanleyville, zile zile za kwetu, kiisha karibu na metre 1.167 wanaingia mara moja katika mawe mekundu ya zamani mpaka mwisho. Ku Dekese, kama kilometre 400 upande wa kusini, tabaka za Stanleyville haziko. Pahali pake wanakuta mamia ya metre za matope ya barafu! Ndiyo, barafu. Karibu miaka milioni 300 iliyopita, barafu kubwa ilikuwa inatembea juu ya inchi hii ya joto. Na ku Samba matope hayo ya barafu hayako hata kidogo.

Hii inafundisha nini? Kwamba ukiwa na shimo moja, huwezi kusema unajua kilicho kilometre 400 kutoka pale. Hata kilometre 40. Njo maana nilishangaa kusikia watu mu radio na mu kanisa wakihesabu utajiri wa mafuta ya Cuvette kama vile wanahesabu mifuko ya muchele mu depo. Tarehe 28 Julai 2022 serikali ilifungua munada wa bloku 27 za petroli na 3 za gazi, na zingine zilikuwa katika Cuvette. Mwezi wa 10 mwaka 2024 munada huo ulifutwa. Kati ya tarehe hizo mbili, vijana wengi waliahidiwa kazi, na vijiji vingine viliogopa kufukuzwa. Mashimo mane hayawezi kubeba ahadi kubwa hivyo, wala woga mukubwa hivyo. Mutu akikuja kwako na hesabu ya mapipa, umuulize kwanza: shimo gani, mwaka gani, lilipimwa na sonda zipi?

Na jambo ingine. Karoti za Samba na Dekese ziko Tervuren. Miaka zaidi ya 50 baadaye, wajiolojia walirudi kuzisoma upya pale, kwa vyombo vya kisasa, na wakasahihisha mambo mengi juu ya umri wa tabaka. Shimo la zamani halifi kama maneno yake yametunzwa. Lakini mwanafunzi wa Kisangani mwenye anataka kugusa karoti ya Samba, anahitaji viza.

Karoti yenye inapotea

Turudi ku migodi. Sisi wa sendika tunapenda kusema juu ya mushahara na avansi, na ni haki. Lakini mwamba wenye kuvunjika unaua watu kuliko patro mubaya.

Wale wenye wanatoboa karoti, mara nyingi wanalipwa primu kwa metre. Metre nyingi, pesa nyingi. Mahali mwamba ni mugumu, karoti inatoka safi. Mahali mwamba ni laini, umesagika, umejaa maji, masini inakimbia na karoti haitoki. Mu sanduku wanaweka kipande cha mbao na kuandika: metre mbili zimepotea. Kiisha mutu wa biro anachora mugodi juu ya zile zilizopatikana.

Lakini zile metre mbili zilizopotea njo zenye hatari. Ule ni ufa, ule ni muto wa chini ya udongo, ile ni njia yenye ukuta utateremukia siku moja. Diagrafi inapita pale karoti ilishindwa. Sonda ya upana inaonyesha shimo limefunguka. Ya sauti inachelewa. Ya picha inaonyesha ufa unainama upande wa kazi ao upande mwingine. Kama ufa unainama kuelekea shimo lenye watu wanafanya kazi ndani yake, ukuta huo unatafuta kuanguka.

Tarehe 11 Septemba 2020, ku Kamituga, Kivu ya Kusini, mvua kubwa ilijaza mashimo ya dhahabu, na vijana wengi walikufa chini. Wachimbaji wadogo hawana sonda, na hakuna mutu atadai kwamba walete moja. Sheria inawakataza kupita metre 30, na wote tunajua wanapita. Lakini sosiete yenye ilitoboa eneo hilo mbele yao, kama iko, ina michoro ya maji na nyufa mu kabati. Kumuonyesha muchimbaji ni wapi maji yanakaa hakuharibu siri ya biashara. Kunaokoa roho.

Uwongo wa Busang

Kuna watu watasema: karoti inatosha, laboratware inatosha. Basi wakumbuke Busang, ku Borneo, inchi ya Indonesia. Sosiete moja ya Kanada, Bre-X, ilitangaza dhahabu nyingi kuliko migodi mingine yote. Watu wa kawaida, hata wazee wa pansio, walinunua sehemu zake. Mwezi wa 3 mwaka 1997, sosiete ingine ilitoboa mashimo pembeni ya yale ya kwanza, na haikupata dhahabu ya maana. Mwezi wa 5 uchunguzi wa watu wa inje ulisema wazi: mutu alikuwa anatia dhahabu ndani ya sampuli.

Namna gani iliwezekana miaka mingi hivyo? Kawaida ya kazi ni kupasua karoti katikati: nusu inaenda kusagwa, nusu inabaki mu sanduku kama shahidi. Ku Busang walikuwa wanasaga karibu yote. Shahidi hakuwapo.

Nisieleweke vibaya. Diagrafi ya kawaida haipimi dhahabu. Haingesema « hapa hakuna kitu ». Lakini Busang inafundisha kanuni yenye inafaa kwa kila shimo: lazima kitu kibaki chenye mutu mwingine anaweza kurudia kupima. Nusu ya karoti ni shahidi wa kwanza. Shimo lenyewe ni shahidi wa pili, kama limelindwa na bomba: unaweza kuteremusha sonda tena kesho, na mustari mupya lazima ufanane na wa zamani. Karatasi inaweza kudanganya mara moja, shimo halihami.

Sanduku lenye alama ya manjano

Wafanyakazi, hapa musikilize vizuri. Sonda nyingi zinasikia tu, hazina hatari. Gama ya kawaida haibebi sumu yoyote, inapokea tu yale mwamba unatoa. Lakini kuna sonda zingine, za kupima uzito wa mwamba na maji yake, zenye zinabeba ndani chanzo cha miali: sesiamu 137, ao ameresiamu pamoja na beriliamu. Sesiamu inapoteza nusu ya nguvu yake kwa karibu miaka 30. Ameresiamu, kwa zaidi ya miaka 400. Hiyo si kitu cha kuchezea.

Nilisimama siku moja kwenye foraji ya sosiete moja, pahali vijana wa kubeba mizigo walikuwa wamekaa juu ya sanduku lenye alama ya manjano na majani matatu meusi. Walikuwa wanakula. Hakuna mutu aliyewaambia kitu. Wakati niliuliza, shefu wa kikundi alijibu: « Si kazi yabo kujua. » Mimi ninasema ni kazi yao kabisa. Delege wa sendika ana haki ya kuuliza mambo manne: chanzo gani kiko, nani ana karatasi za kukishika, kipimo cha miali kiko wapi, na kitu gani kitafanyika kama sonda inakwama chini. Juu chanzo chenye kimebaki ndani ya shimo lazima kitafutwe; kama hakitoki, shimo linafungwa kwa simenti na kibao kinawekwa, ili mutukuu wetu asitoboe pale.

Foraji ya kartie

Kwa maji ya kartie hatuhitaji vyombo vya petroli. Gama na rezistivite zinatosha kwa mengi, na hazibebi chanzo cha miali. Lakini zinapaswa kupita wakati unaofaa: shimo likiisha kutobolewa, mbele ya kutia bomba la PVC. Rezistivite haipiti PVC, juu plastiki inazuia umeme. Gama inapita. Kwa hiyo hata foraji ya zamani, yenye hakuna mutu anakumbuka historia yake, inaweza bado kusomwa kwa gama.

Ukiwa na mustari mukononi, unajua wapi pa kuweka bomba lenye matundu, krepini. Krepini inatazama muchanga safi ao ufa wenye maji. Bomba zima linatazama mufinyanzi. Mutu akiweka krepini mbele ya mufinyanzi, maji yatakuwa machafu na pompe itakufa haraka. Akiiweka juu sana, atakunywa maji ya vyoo vya majirani. Hapo tena diagrafi inasaidia: inaonyesha kama kuna tabaka la mufinyanzi lenye kuzuia uchafu kati ya vyoo na maji, na simenti ifungwe mpaka wapi.

Regideso inachota maji ya muto Tshopo, na bomba zake hazifiki kila nyumba. Foraji zitaendelea kuongezeka, hakuna mutu atazisimamisha. Swali ni kama kila moja itakuwa bahati nasibu, ao kama ya kumi itafaidika na yale tisa za kwanza zilisema.

Tuombe nini

Sheria ya migodi ya tarehe 9 Machi 2018 inataka sosiete yenye kuchimba iandike na jamaa za eneo lake kaye ya masharti, cahier des charges, na itoe 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo yao. Mara nyingi hapo wanaandika: masomo matatu, daraja moja, foraji tano. Vizuri. Tuongeze mustari moja: kila foraji ikabiziwe pamoja na diagrafi yake, na kopi ibaki mu eneo.

Kopi iende kwa chefu wa kijiji, ku Divisheni ya Migodi, na ku Universite ya Kisangani, pahali wanafunzi wataiweka pamoja na zingine. Haina siri yoyote. Ni maji tu. Sosiete itunze nusu ya karoti zake katika inchi, chini ya paa, na funguo mbili. Na mufanyakazi asilipwe primu kwa metre peke yake, lakini pia kwa karoti yenye imetoka nzima, ili haraka isifiche ufa.

Na wewe mwenye unatoboa kwako, ku Mangobo ao ku Kabondo, mbele ya kulipa malipo ya mwisho uliza mwenye masini maswali matatu. Ulipita katika nini, metre kwa metre? Krepini iko metre gani, na juu ya nini pale? Karatasi yangu iko wapi? Kama hana jibu, baki na sehemu ya mwisho ya pesa mpaka alete. Hiyo karatasi, uitunze pamoja na parseli ya kiwanja chako. Siku pompe itakufa ao maji yatageuka rangi, yeye njo itamuambia fundi aanzie wapi.